Kamera Inatuma Jeshi, au Jeshi Linatuma Kamera?

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Unguja, kahawa ya baada ya Alasiri inapozunguka, wapo wazee wawili ambao hawajapata kukubaliana juu ya vita vyovyote vya dunia hii. Mmoja ni mwalimu mstaafu, tunamwita Maalim. Yeye husema majeshi ya wakubwa hutumwa na televisheni: watu wanamwona mtoto kakondeana, wanapiga makelele, rais anaona aibu, manuwari zinang'oa nanga. Mwenziwe alikuwa kuli bandarini Malindi hadi nguvu zilipomwishia. Huyu hucheka kabla hajajibu. "Maalim, manuwari huwa zishang'oa nanga zamani. Huyo wa kamera kapewa lifti tu."

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha sita Chake Chake, alinipigia simu. Skuli kwao wana mdahalo: je, vyombo vya habari ndivyo vinavyozisukuma serikali kuingilia nchi za watu, au serikali ndizo zinazovitumia vyombo? Kapewa ruhusa ya kuchagua upande na hajui ashike upi. Niliyomwandikia ndiyo haya, nimeyanyoosha kidogo kwa yeyote mwenye mdahalo kama wake au baraza kama letu.

Upande wa Maalim

Silaha kubwa ya Maalim ni Somalia. Siad Barre aliangushwa Januari 1991, nchi ikagawanyika vipande, na njaa ikafuata. Mwaka 1992 picha za njaa ya mji wa Baidoa ziliingia majumbani mwa Wamarekani wakati wa chakula cha jioni. Desemba mwaka huo rais wa Marekani, Bush mkubwa, ambaye alikuwa ameshashindwa uchaguzi na Clinton na anasubiri kufunga virago, akaamuru majeshi yaende. Usiku wa kuamkia 9 Desemba wanamaji waliteremka ufukweni Mogadishu, nyuso wamezipaka masizi wasionekane, na kule ufukweni wakawakuta waandishi wanawangoja na mataa. Askari wa siri wakamulikwa kama maharusi.

Halafu mwisho wake. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 Wamarekani 18 waliuawa katika mapigano ya Mogadishu, na dunia ikaona maiti ya askari ikiburutwa mitaani. Tarehe 7 Oktoba, siku chache tu baadaye, Clinton alitangaza kuwa majeshi yatakuwa yameondoka ifikapo 31 Machi 1994. Picha iliwapeleka, picha ikawarudisha. Wataalamu waliipa rai hii jina la kituo chenyewe, wakaiita athari ya CNN, kwa sababu kituo hicho cha saa 24 ndicho kilichovuma wakati wa vita vya Ghuba vya 1991 kwa kutangaza moja kwa moja kutoka Baghdad huku mabomu yanaanguka.

Maalim ana mfano mwengine wa karibu zaidi. Aprili 2017 zilitoka picha za watoto waliovuta gesi ya sumu Khan Shaykhun, Syria. Trump, ambaye kwa miaka alikuwa akiwaambia watu kwamba Marekani isijitie Syria, alisema hadharani kuwa vifo vya watoto wale vimembadilisha, na siku tatu tu baada ya shambulio makombora 59 yakapigwa kwenye uwanja wa ndege za kijeshi wa Shayrat. Ukitaka ushahidi kwamba mtu mmoja mbele ya televisheni anaweza kuamua usiku mmoja, huo hapo.

Lakini ukiishika rai hii, kalenda itakusumbua. Bush alikwishatangaza ndege za kupeleka chakula Somalia tangu katikati ya Agosti 1992. Watafiti wawili, Steven Livingston na Todd Eachus, walikaa wakahesabu habari za wakati ule, na walichokiona ni kwamba Somalia ilijaa kwenye televisheni baada ya wakubwa wa Washington kuanza kuisemea na kwenda kuiona. Waandishi walifuata nyayo. Kwa hiyo katika mfano ambao Maalim anautegemea zaidi, kuli wetu anachukua nusu ya ushindi.

Na Rwanda inambana zaidi. Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, waliuawa watu wanaokadiriwa kufika 800,000. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama lilipiga kura kulipunguza jeshi la Umoja wa Mataifa lililokuwa kule, kutoka askari wapatao 2,500 hadi 270. Habari zilikuwapo. Hazikuwa nyingi kama za uchaguzi wa Afrika Kusini wa mwezi huo huo, lakini zilikuwapo. Kilichokosekana ni hamu, maana kumbukumbu ya Mogadishu ilikuwa bado mbichi. Julai, wakimbizi walipofurika Goma na kipindupindu kikawaangukia, kamera zikaja kwa wingi na ndege za misaada zikaja pia. Angalia tofauti: kumpa maji mtu mwenye kipindupindu hakukulazimu upigane na yeyote. Picha zinaweza kuifanya serikali itoe kilicho rahisi kutoa.

Upande wa kuli

Hapa ushahidi ni wa makaratasi, na ndiyo sababu nilimwambia mpwa wangu kwamba upande huu ni mwepesi kuushindia mdahalo.

Oktoba 1990, Iraq imeshaivamia Kuwait, binti wa miaka 15 aliyetajwa kwa jina moja tu, Nayirah, alikaa mbele ya kikao cha wabunge wa Marekani akalia, akasema aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za kuwatunzia na kuwaacha wafe sakafuni. Bush aliikariri hadithi ile mara kwa mara, na maseneta nao wakaisimulia. Tarehe 12 Januari 1991 Seneti iliruhusu vita kwa kura 52 dhidi ya 47 (tarehe ambayo Mzanzibari haisahau, kwa sababu nyengine kabisa). Mwaka 1992 ndipo ikafichuka kuwa binti yule alikuwa mtoto wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake ulitayarishwa na kampuni ya uhusiano wa umma iliyolipwa kwa fedha za Kuwait. Wachunguzi waliokwenda kuitafuta hadithi ya watoto wale hawakuipata.

Miaka kumi na mbili baadaye ikaja Iraq ya pili. Magazeti makubwa ya Marekani yaliandika juu ya silaha za maangamizi kwa kutegemea maofisa wa serikali na wakimbizi wa Kiiraq waliotaka Saddam aondoke. Kisha maofisa wale wale wakasimama mbele ya kamera na kusema, jamani, hata magazeti yanasema. Huo ndio mchezo ninaoupenda kuuonesha kwa sababu mtu yeyote wa mtaani anaujua: unamnong'oneza jirani uvumi asubuhi, jioni unautaja kama ushahidi kwa sababu jirani kausema. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikwenda Baraza la Usalama na picha za setilaiti na kichupa mkononi, mfano wa sumu ya kimeta. Vita vilianza Machi. Silaha hazikuonekana. Tarehe 26 Mei 2004 The New York Times liliwaandikia wasomaji wake kukiri kwamba baadhi ya habari zake za kabla ya vita hazikuchunguzwa kwa ukali uliostahili. Kukiri huko kulikuja zaidi ya mwaka mmoja baada ya Baghdad kuanguka.

Na kwenye vita vyenyewe waandishi mia kadhaa walipandishwa magari ya jeshi, wakala na askari, wakalala na askari, wakalindwa na bunduki za askari. "Kapewa lifti," anasema kuli, na kwa hili hakutia chumvi.

Udhaifu wa upande wake ni kwamba anazifanya serikali kuwa mtu mmoja mwenye akili moja. Mwaka 1956, waziri mkuu wa Uingereza, Eden, alipotaka kuivamia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, alitamani BBC iseme anachokisema yeye. Chama cha Leba kilikuwa kinapinga vita, na BBC ikampa kiongozi wa upinzani, Gaitskell, nafasi ya kumjibu waziri mkuu hewani. Serikali ikageukia kituo kimoja cha redio ya Kiarabu kilichokuwa Cyprus, Sharq al-Adna, ikakitwaa na kukigeuza Sauti ya Uingereza. Watangazaji Waarabu wengi wakajiuzulu. Redio unaweza kuitwaa kwa amri ya siku moja, lakini koo za watangazaji hazitwaliki hivyo.

Hapa kwetu, 1964

Nilimwambia mpwa wangu: usiende na Somalia tu, kila mtu atakuja na Somalia. Nenda na Unguja.

Kwanza ujue kwamba redio ilikuwa imeshatangulia miaka kumi. Tangu 1954 Cairo ilikuwa inatangaza kwa Kiswahili, ikiwasema wakoloni bila haya, na mabaraza ya Unguja yakiisikiliza. Mwaka 1957 BBC nayo ikaanza Kiswahili. Serikali zilikuwa zinagombea masikio yetu kabla hatujawa na kiti Umoja wa Mataifa.

Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 Mapinduzi yalipofanyika, redio ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kutwaliwa, na watu wengi duniani walimjua John Okello, aliyejitangaza kiongozi wa Mapinduzi, kwa sauti kabla ya sura: anajipa cheo cha ujemadari, anatoa amri na vitisho visivyoingia akilini. Waandishi wa nje walikuwa wachache na kuingia kisiwani ilikuwa shida. Pengo lile likajazwa na uvumi. Baadhi ya vijana wa Umma Party, chama cha mrengo wa kushoto cha Zanzibar, walipata mafunzo Kuba, wakarudi na ndevu na mavazi yao ya kijeshi, na maneno mawili matatu ya Kihispania. Haukupita muda, habari zikaenda kwamba Wakuba wameteremka Zanzibar. Hawakuteremka. Lakini jina la "Kuba ya Afrika" likabandikwa, Washington ikawa na hofu, hofu ikaulizwa na waandishi, majibu ya wakubwa yakawa habari, habari ikazidisha hofu. Huwezi kupata mduara ulio duara kuliko huo.

Sasa, je, waliingia? London ilichora mpango mmoja baada ya mwengine wa kuingia kijeshi Unguja na haikutekeleza hata mmoja. Uingereza na Marekani ziliitambua serikali mpya tarehe 23 Februari. Na katika kipindi hicho hicho, ng'ambo ya pili ya bahari, jeshi la Tanganyika liliasi tarehe 20 Januari. Alfajiri ya tarehe 25 wanamaji wa Uingereza waliteremka Dar es Salaam kutoka meli ya HMS Centaur na kulizima. Waliitwa na Nyerere mwenyewe.

Weka mambo haya mawili pamoja. Kelele za magazeti zilikuwa juu ya Unguja, na meli zikaenda Dar. Ingekuwa makelele pekee ndiyo yanayopeleka majeshi, yangeteremka kwetu. Na ingekuwa serikali ikitaka hupata tu, zile karatasi za mipango zisingebaki kabatini. London haikuwa na uhakika: nani ataiomba iingie, nani atakayewekwa baada ya kuingia, na Afrika iliyokuwa ndio kwanza imepata uhuru itasemaje. Hakuna gazeti lililoweza kuijibia maswali hayo.

Rai ya tatu, ambayo mimi naishika

Mwanazuoni mmoja wa Uingereza, Piers Robinson, aliipanga rai hii vizuri kuliko wengi: vyombo vya habari vina nguvu pale serikali isipokuwa na sera ya uhakika, wakubwa wenyewe wamegawanyika, na habari zinawaelekeza watu kuwaonea huruma wanaoteseka. Sera ikiwa imeshakauka kama saruji, picha hupita juu yake.

Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria, inalionesha hili vizuri. Mwaka 1968 picha za watoto wenye matumbo yaliyofura kwa utapiamlo zilienea Ulaya nzima, nyengine zikisambazwa kwa msaada wa kampuni ya matangazo ya Geneva iliyokuwa ikiwafanyia kazi Biafra. Michango ilimiminika, ndege za makanisa ziliruka usiku. Lakini London ilikuwa imeamua kuiunga mkono serikali ya Nigeria, na silaha ziliendelea kwenda Lagos hadi Biafra ikashindwa Januari 1970. Tanzania ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, 13 Aprili 1968, na Nyerere hakuhitaji televisheni ya kumsukuma, maana Tanzania Bara haikuwa na televisheni. (Sisi visiwani tulipata yetu miaka ya 1970, ya rangi, kabla ya wao. Nalitaja kwa kujisifu tu.)

Syria ya 2013 ni upande wa pili wa shilingi. Gesi ya sumu ilitumika Ghouta tarehe 21 Agosti, picha zilikuwa mbaya kuliko za 2017, na waziri mkuu Cameron alitaka kupiga. Bunge lake likakataa tarehe 29, kura 285 kwa 272. Picha zilikuwapo, waziri mkuu alikuwapo na nia, lakini wabunge waliikumbuka Iraq. Ukizilinganisha Ghouta na Khan Shaykhun utaona kuwa kilichotofautiana si picha. Tofauti ilikuwa idadi ya watu waliopaswa kukubali: kule bunge zima, huku mtu mmoja.

Nilijaribu kumweleza kuli kwa lugha ya bahari. Nikamwambia habari ni upepo, serikali ni nahodha. Nahodha akiushika usukani sawasawa upepo haumpeleki, akiuachia ndio unampeleka. Akanikosoa papo hapo. "Huujui upepo wewe. Nahodha hodari hutumia hata upepo wa mbisho." Nimekaa na neno hilo. Mbisho ni upepo unaomjia nahodha usoni, kwa hiyo maana yake ni kwamba serikali iliyokwisha kuamua inaweza kuitumia hata picha inayoiumiza, na mimi kwenye mpango wa Robinson sikupaona pahala pa kuliweka.

Jirani zetu wa kusini

Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, iko karibu nasi kuliko Baghdad, na huko pwani kuna ndugu zetu wa lugha. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Kwa miaka mitatu na zaidi vijiji vilichomwa na watu wakakatwa vichwa, waandishi wakizuiwa na wengine kukamatwa, na dunia ikajua kidogo. Machi 2021 wapiganaji waliingia Palma, wafanyakazi wa kigeni wakanasa hotelini, si mbali na mradi wa gesi wa TotalEnergies. Hapo kamera zikageuka. Aprili kampuni ikasimamisha mradi. Julai askari wa Rwanda wakaingia, na jeshi la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, likafuata.

Maalim atasema: unaona, kamera zimegeuka na majeshi yakaja. Kuli atasema: gesi ilipoguswa ndipo kamera zikageuka. Kwa hili mimi niko na kuli, ila naongeza kwamba serikali ya Msumbiji kule Maputo nayo ilikuwa kwa muda mrefu haitaki majeshi ya majirani, kwa hiyo hata gesi na kamera zilibidi zingoje mwenye nyumba afungue mlango.

Basi ushike lipi

Kama unataka kushinda mdahalo, shika upande wa kuli. Una Nayirah, una Powell, una gazeti lililokiri. Jitayarishe tu kwa swali la Suez. Kama umepewa upande wa Maalim na huna hiari, anza na Oktoba 1993 badala ya Desemba 1992: kuondoka kwa majeshi kunaelezeka kwa picha vizuri kuliko kuingia kwake. Rai ya tatu ni ya kuandikia insha. Kwenye mdahalo itakupotezea, kwa sababu waamuzi hawampendi msemaji anayesema "inategemea".

Kama unaanza kazi kwenye redio jamii, huko Micheweni au Makunduchi, na taarifa ya vita imekufikia, tazama tarehe kabla ya kutazama picha. Agizo la kijeshi lilitoka lini, picha ilivuma lini? Kisha tazama kama wakubwa wa nchi ile wanabishana. Wakiwa wanabishana, utapata habari za pande mbili hata kwa chombo kimoja. Wakiwa wamekubaliana wote, hapo ndipo uchukue tahadhari kubwa, kwa sababu hata mwandishi mwaminifu huwa hana wa kumnukuu upande wa pili.

Na kama wewe ni msikilizaji tu, chagua vituo viwili ambavyo wenyewe hawapatani. BBC ya Kiswahili kwa miongo ililipiwa kupitia wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, hadi 2014 mzigo mkubwa ulipohamishiwa kwenye ada ya televisheni. Deutsche Welle inalipiwa na serikali ya Ujerumani, na Beijing na Tehran nazo zimekuwa zikitangaza kwa Kiswahili. Al Jazeera ilianzishwa 1996 kwa fedha za Qatar, na mwaka 2011, wakati kituo kile kinaonesha Libya mchana na usiku, ndege za kivita za Qatar zilikuwa angani juu ya Libya ile ile. Hilo halimaanishi kwamba kilichooneshwa ni uongo. Mwaka 2016 kamati ya bunge la Uingereza ilisema serikali yao haikuhakiki vya kutosha ukubwa wa hatari iliyowakabili raia wa Libya, na habari za hatari hiyo zilikuwa zimetangazwa na vituo vingi.

Niliwasomea wazee rasimu hii barazani. Kuli aliridhika, na hilo lilinitia wasiwasi. Maalim alinyamaza mpaka kikombe kikaisha, kisha akasema nimeisahau redio ya nyumbani kwao. Asubuhi ile ya 1964 alikuwa mtoto, wanakaa Ng'ambo, si mbali na Raha Leo, penye kituo cha redio. Baba yake alimsikiliza Okello kidogo, akaizungusha swichi taratibu akaitafuta London, apate kujua nini kinatokea mtaani kwake.